Kakangu ana pampu ya moyo na EF imepanda mpaka 42, je moyo umepona?

Dada mmoja wa Majengo ameniletea swali refu, nalifupisha hapa ili na wengine wafaidike. Kakake ana miaka 43, anaishi Marekani. Moyo ulimfeli, wakampitisha katheta (mrija mwembamba) kuangalia mishipa ya moyo wakaikuta safi haijaziba popote, wakasema ni misuli yenyewe imelegea na huenda chanzo ni virusi. Kutoka siku ile mpaka leo ni mwaka na nusu. Alitiwa defibrileta, kile kidude cha kuupiga moyo shoti mdundo ukiharibika, akapewa madawa, hali ikazidi, na miezi 10 iliopita akawekewa pampu aina ya HeartMate 3. Kabla ya pampu EF yake ilikuwa 15 na chumba cha kushoto cha moyo kimetanuka mpaka sentimita 6.8. Sasa hivi EF ni 42, kreatinini (kipimo cha figo) 1.1, na jamaa mwenyewe asema mapigo yamerudi mkononi. Timu yake wanataka "kumshushia pampu" waone. Mama yao asema kama moyo umerudi basi hio mashine itolewe upesi mwanawe arudi nyumbani, ami yao asema moyo ukishakufa umekufa na watu wanafanyiwa majaribio tu. Dada auliza nani yuko sawa, na kuna njia ya kujua mapema kama moyo utapona?

Dada, wote wawili hawajafika, lakini mamako yuko karibu zaidi kuliko ami yako. Mioyo mingine kweli inarudi. Sio mingi, na sio kwa haraka anayoitaka mama, lakini inarudi, na nimeshaona watu wametolewa pampu wanatembea na maisha yao. Tatizo ni kwamba hio 42 haijibu swali lenu, na hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa.

Tuanze na namba yenyewe. EF ni asilimia ya damu inayotoka kwenye chumba cha kushoto kila moyo ukibana. Sio maksi za mtihani, moyo mzima hausukumi 100, moyo wa kawaida uko kama 55 mpaka 70 hivi, kwa hivyo 42 sio "chini ya nusu" kama mtu anavoweza kudhania. Kutoka 15 mpaka 42 ni safari kubwa sana wallahi. Lakini imepimwa pampu ikiwa inafanya kazi. Pampu ile imeshonwa kwenye ncha ya moyo, inavuta damu kutoka chumba cha kushoto inaipeleka moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa, inazunguka mara elfu 5 na kitu kwa dakika usiku na mchana bila kupumzika. Chumba kikivutwa damu namna hio kinapungua, presha ya ndani inashuka, misuli inapata afueni, na moyo uliopunguziwa mzigo unaweza kuonekana unabana vizuri hata kama nguvu zake zenyewe zimeongezeka kidogo tu.

Chukua hamali na mkokoteni wake pale Likoni, anatoka kwenye feri anapanda ule mlima na magunia. Nyuma kuna vijana wawili wanamsukumia. Wewe ukiwa juu unamuona anapanda vizuri, hatoi hata jasho, utasema huyu jamaa ana nguvu. Pengine anazo kweli! Lakini hutajua mpaka wale vijana walegeze mikono kidogo, sio waachie ghafla maana mkokoteni utarudi nyuma umkanyage, walegeze pole pole huku wako tayari kushika, na umtizame hamali miguu na pumzi. Hicho ndicho kipimo wanachotaka kumfanyia kakako.

Na mbona wasizime tu pampu dakika tano wakaona? Hili swali naulizwa sana. Pampu hizi hazina valvu ndani. Nyinyi mliopandisha maji kwenye tangi la juu ya nyumba mnajua, pampu ya kisima ikiwa haina ile valvu ya kuzuia maji yasirudi, stima ikipotea maji yote yanateremka tena kisimani. Na hapa ni hivo hivo, ukizima pampu kabisa damu inarudi kutoka mshipa mkubwa kupitia kwenye pampu mpaka ndani ya moyo, kwa hivyo unautesa moyo badala ya kuupima. Ndio maana wanashusha spidi hatua kwa hatua mpaka mahali ambapo pampu haisaidii kitu cha maana na damu pia hairudi nyuma. Kwa ile ya zamani HeartMate II mahali hapo palijulikana, ni mizunguko elfu 6 kwa dakika. HeartMate 3 ina spidi zake tofauti, msichanganye namba mkisoma soma mitandaoni.

Kabla ya kushusha lazima waangalie INR kwanza, kile kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kwasababu damu ikienda pole pole ndani ya pampu inaweza kuganda, na donge likitoka hapo linaenda kichwani, hio ni kiharusi. INR ikiwa chini wanaahirisha au wanaongeza dawa ya kuzuia kuganda. Kwa hivyo mkisikia "leo kipimo hakikufanyika damu haikuwa sawa" msianze kulia, hao ni watu makini.

Pampu ikiwa chini wanapiga eko (ultrasound ya moyo) tena, na hapo ndio mnaanza kusoma namba za maana. Kwenye utafiti mmoja, RESTAGE-HF, ambao nitaueleza hapo chini walikuwa wanataka, pampu ikiwa chini, EF izidi 45, upana wa chumba kikiwa kimejaa uwe chini ya sentimita 6, na kikibana uwe chini ya 5. Halafu mtu anatembezwa dakika sita pampu ikiwa bado chini, maana moyo unaweza kukudanganya umelala kitandani lakini ukipewa kazi ukweli unatoka. Wakiridhika wanapitisha katheta ndani ya moyo kupima presha zenyewe na kiasi cha damu inayotoka, na kuna kipimo cha mazoezi cha kuangalia mwili unatumia oksijeni kiasi gani. Kitu kimoja kisichojulikana na wengi: upande wa kulia nao unatizamwa sana. Pampu inasaidia kushoto peke yake, kama kulia kumechoka basi hata kushoto kukirudi bado kuna shida.

Kuhusu mapigo kurudi mkononi, hio nimeipenda. Mtu mwenye pampu za aina hii mara nyingi mapigo hayashikiki kwasababu damu inakwenda moja kwa moja kama bomba lililofunguliwa, hata mashine ya kawaida ya presha inashindwa kusoma. Mapigo yakirudi maana yake mara nyingi ni kwamba valvu ya mshipa mkubwa imeanza kufunguka kila moyo ukibana, yaani moyo wenyewe unatoa damu kwa mlango wake wa asili. Ni dalili nzuri. Ila muulize kama spidi ya pampu ilipunguzwa siku za karibuni, maana ukipunguza spidi mapigo yanaweza kujitokeza hata moyo ukiwa vile vile.

Haya, sasa kutabiri. Marekani wana rejista kubwa ya watu waliowekewa pampu, na mwaka 2016 watafiti walichukua watu zaidi ya elfu 13 waliomo humo wakauliza ni nani waliotolewa pampu kwasababu moyo umerudi, na walikuwa na nini siku ya kuwekewa. Wakapata vitu sita. Umri chini ya miaka 50. Ugonjwa usiotokana na mishipa kuziba. Ugonjwa kujulikana chini ya miaka miwili. Kutokuwa na defibrileta. Kreatinini 1.2 au chini, yaani figo bado ziko sawa. Na chumba cha kushoto kuwa chini ya sentimita 6.5. Wakavitengenezea alama, na haviko sawa kwa uzito, cha mishipa kutoziba ni kizito sana.

Tumpime kakako tukitumia hali yake ya siku ile. Umri ndio. Mishipa safi, ndio. Muda, ndio. Figo, kama kreatinini ilikuwa karibu na hii ya leo basi ndio. Ukubwa wa chumba, hapana, 6.8 imepita kidogo. Defibrileta anayo. Kwa hivyo vinne kati ya sita, na kile kizito cha mishipa anacho. Na hio defibrileta msidhani ndio inamharibia moyo, la, kile kidude hakina kosa, ni kwamba aliyekwishawekewa kwa kawaida ni mtu ambaye ugonjwa wake umekaa kaa na madawa yamejaribiwa yakashindwa. Ni alama ya njia aliyopita, sio sumu.

Kwa nini mishipa kuziba ni muhimu hivo? Mshipa ukiziba sehemu ya misuli inakufa na mahali pake panakuwa kovu, na kovu halibani, ulipumzishe mwaka au miaka kumi ni kovu tu. Ami yako akisema moyo ukifa umekufa, kwa kovu hilo yuko sawa kabisa. Lakini virusi, au mama aliyejifungua moyo ukamlegea, au pombe, au moyo uliokimbia mbio miezi bila kujulikana, hapo misuli mingi haijafa, imechoka na kuvurugika, na iliochoka ukiipumzisha inaweza kuamka. Hata jeni zina usemi, kuna familia zenye hitilafu kwenye jeni ya lamini ambao mioyo yao hairudi kirahisi, kwa hivyo kama kakako hajapimwa jeni naona ni jambo la kuuliza, na linawahusu nyinyi ndugu pia.

Sasa nakuja kwa kitu ambacho mimi naona ndio kiini na watu wanakipita juu juu. Kwenye rejista ile ile, waliotolewa pampu kwa kupona walikuwa kama 1 tu kati ya 100. Ukisoma hivo unakata tamaa. Lakini waliowekewa pampu huku timu imeshasema tokea mwanzo "huyu tunamtafutia kupona" walifika asilimia 11.2, na wale ambao hawakupangiwa hivo 1.2. Mara tisa! Ni kweli walichaguliwa wenye dalili nzuri, sikatai, lakini sio hio peke yake. Hospitali nyingi pampu ikishakaa vizuri mtu anaitwa kliniki anaangaliwa waya wa pampu unaotokea tumboni, INR, betri, anarudi kwao mpaka moyo wa kupandikizwa upatikane. Hakuna anayeshusha pampu kuuliza moyo. Na usipouliza huwezi kujibiwa. Kwa hivyo ile 1 kwa 100 haituambii ni mioyo mingapi inayopona, inatuambia mingapi ilitafutwa ikapatikana.

Ushahidi wake uko. Mwaka 2006 kundi la Harefield huko Uingereza, la profesa Magdi Yacoub yule mzaliwa wa Misri, walichapisha habari za wagonjwa 15 ambao ugonjwa wao haukutokana na mishipa. Waliwapa pampu pamoja na madawa ya moyo kwa dozi kubwa, halafu moyo ukishapungua ukubwa wakawaongezea klenbuterolo, dawa ya jamii ya zile za pumu. 11 kati ya 15 wakatolewa pampu. Watu wengi hawakuamini, wakasema ni hospitali moja na wagonjwa wachache, na mimi nilikuwa kwenye hao wasioamini. Basi Wamarekani wakarudia kwenye hospitali sita, hio ndio RESTAGE-HF iliyotoka mwaka 2020, wagonjwa 40 na HeartMate II. Klenbuterolo waliiacha, wakatumia madawa ya kawaida tunayoandika hapa Mombasa kila siku, lisinoprili, kavedilo, spironolaktoni, losatani, dijoksini, lakini kwa dozi za juu kabisa mtu anazoweza kuvumilia, na spidi ya pampu inarekebishwa ili moyo upumzike vizuri, na kila baada ya muda wanashusha na kupima. Katika 40 wote, 16 walifikia lengo la kutolewa pampu na moyo kubaki vizuri. Asilimia 40. Na wengi walikuwa wagonjwa sana, ingawa wote walichaguliwa ambao ugonjwa wao haukutokana na mishipa kuziba.

Hapo mtu wa pampu ana nafasi ambayo sisi wengine hatuna: mgonjwa wa kawaida presha yake ni ndogo hawezi kumeza dozi kubwa ataanguka, lakini aliye na pampu presha anashikiliwa na mashine kwa hivyo unaweza kumpandishia dawa. Hii nafasi inapotezwa ovyo. Nimeona mafaili ya watu waliowekewa pampu halafu dawa za moyo zikapunguzwa kwasababu "sasa ana mashine". Mimi hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

Na kuna habari ya Disemba 2024 ambayo ilinifurahisha sana. Watafiti wa Arizona na Utah pamoja na Sweden walichukua vipande vya mioyo ya watu waliokuwa na pampu wakapima umri wa seli zake kwa kaboni. Majaribio ya mabomu ya nyuklia miaka ya 50 na mwanzo wa 60 yalijaza kaboni ya mionzi hewani, na tokea hapo inapungua mwaka hadi mwaka, kwa hivyo seli inabeba muhuri wa mwaka iliozaliwa. Moyo mzima wa mtu mkubwa unazaa seli mpya za misuli kidogo mno, hazifiki moja kwa mia kwa mwaka, na moyo uliofeli hata hizo zinapungua. Lakini kwa wale ambao moyo ulipata nafuu kwenye pampu, seli mpya zilikuwa zinazaliwa angalau mara sita kuliko kwenye moyo wenye afya. Mara sita! Hawa ni wachache, na kwa nini hawa na sio wale ndio swali la sasa, wanatafuta protini na jeni zitakazoonyesha tokea siku ya kwanza. Hakuna kliniki itakayompima kakako kwa njia hio leo, lakini mwambie ami yako kwamba misuli ya moyo haijafunga duka kabisa.

Sasa mamako na haraka zake. Pampu ikitolewa sio mwisho wa mambo. Kuna wanaofungua kifua wakaitoa yote, kuna wanaoiacha ndani wakaziba mrija wa kutoa damu na kukata waya, kila njia ina hatari zake. Kwenye RESTAGE waliotolewa, asilimia 90 baada ya mwaka walikuwa hai bila pampu mpya wala moyo wa kupandikizwa, na baada ya miaka mitatu asilimia 77. Ni nzuri, lakini wako ambao moyo ulilegea tena. Kwa hivyo dawa haziachwi. Uingereza walijaribu, na matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018, watu 51 ambao misuli ya moyo ilikuwa imelegea ikarudi sawa kwa dawa, hawana pampu wala nini, wanajisikia wazima kabisa. Nusu wakaachishwa dawa pole pole, na ndani ya miezi sita asilimia 44 yao ugonjwa umerudi, wale walioendelea na dawa hakuna hata mmoja. Ndio maana siku hizi tunasema moyo umetulia, hatusemi umepona. Mama akisikia "umepona" atamtumia habasoda na dawa za miti aache vidonge, nawajua mama zetu, na mimi nina wangu. Akiwa bado anameza warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, asitumiwe mitishamba yoyote bila kumuuliza daktari wake, nyingine zinavuruga INR ikapanda au ikashuka bila kujua.

Mkizungumza naye hebu aulize timu yake mambo machache. Dozi za dawa za moyo zimefika juu au zimeachwa katikati? Wakishasema EF, ni pampu ikiwa juu au chini? Upande wa kulia ukoje? Kipimo kikishindwa safari hii, watarudia baada ya muda gani? Hili la mwisho muhimu, kuna mtu ameshindwa mwezi wa sita akapita mwezi wa tisa, kwa hivyo kushindwa mara moja msiweke matanga.

Na ulikuwa umeuliza chini kabisa kama anaweza kuja kwenye harusi ya mdogo wenu Disemba hata kama pampu haijatolewa. Safari yenyewe ni ya kuamuliwa na timu yake, lakini nyinyi mnaompokea mjue haya: betri jozi moja inakwenda kati ya saa 10 na 17, na usiku akilala anajiunga na stima, kwa hivyo nyumba atakayolala iwe na jenereta au inveta ya kuaminika na sio ahadi ya jirani, maana stima yetu mnaijua. Sehemu waya unapotokea tumboni lazima ikae kavu na safi, na kwa joto la Disemba na jasho la hapa hio ni kazi ya kila siku. Baharini haingii, hata ya magoti, atakaa Mama Ngina ale mihogo ya kukaanga atizame meli zikipita. Pilipili wekeni, chumvi msizidishe.